Aliyeanza Juu

Siku ya nne jino lilimfunga Mosi mdomo. Alipoamka alijaribu kupiga miayo, taya likagoma. Kati ya meno ya juu na ya chini pakapita ncha ya kidole kidogo tu, basi. Shavu la kulia lilikuwa limevimba na kung'aa, na uvimbe ulikuwa umeanza kuteremka shingoni.

Mumewe, Mwinjuma, alikuwa amekwisha kusema yote aliyokuwa nayo. Siku ya kwanza alisema kwa upole, ya pili kwa mzaha, ya tatu kwa ukali. Misheni iko hapo chini, mwendo wa asubuhi moja. Bruda Alois, yule Mdachi seremala, hung'oa meno kila Jumamosi karakanani kwake na hamfukuzi mtu, awe Mkristo au Mwislamu. Mosi alitikisa kichwa. Basi kuna Stambuli, kinyozi wa sokoni Morogoro, naye ana koleo. Akatikisa kichwa tena. Mwinjuma akasema hajapata kuona mtu anayeogopa koleo kuliko kaburi. Mosi akageukia ukutani.

Kilichomshangaza Mwinjuma ni kwamba hakuwa ameoa mwoga. Miezi saba iliyopita mwanamke huyuhuyu alimzaa binti yao, Asia, akiwa peke yake kwenye mteremko wa viazi, akakata kitovu kwa kibanzi cha mwanzi, akarudi nyumbani na mtoto mgongoni na tenga la viazi kichwani, kwa sababu, alisema, mvua ingeviozesha. Sasa jino moja limemlaza.

Lakini Mosi hakuwa akiogopa koleo. Alikuwa akiogopa kutazamwa mdomoni.

Mama yake alimweleza mwaka wa njaa iliyofuata vita vya Maji Maji, siku mbili kabla hajafa. Alimvuta sikio hadi kwenye midomo yake mikavu, akasema, "Wewe ulianza juu. Usimwambie mtu."

Mosi hakuhitaji kufafanuliwa. Kila mtoto huota meno ya chini kwanza. Anayeanza na ya juu ni kigego, na kigego huleta njaa na maradhi kwa ukoo mzima. Bibi za ukoo humchukua asubuhi, humwogesha, hupanda naye msituni, na hurudi mikono mitupu. Mama yake haruhusiwi kulia. Mama yake Mosi alipoona vipande viwili vyeupe kwenye ufizi wa juu wa mwanawe, alikimbilia kibanda cha kulindia mahindi, mbali juu kwenye ukingo wa msitu, akapiga kelele kwamba mtoto ana ndui. Nani angesogea? Alikaa huko miezi miwili, hadi meno ya chini yakatoka, kisha akateremka na mtoto mzima asiye na kovu hata moja. Watu wakamshukuru Mungu.

Tangu aambiwe hayo, Mosi alikuwa ameupitia upya umri wake wote. Nzige walioshuka alipokuwa mtoto, kumbe ni yeye. Wadachi waliopanda mlima kuandika vibanda vya watu kwa kodi, ni yeye. Vita, njaa iliyofuata, kaka zake wawili, kisha mama mwenyewe. Alibeba yote hayo kimya, akalima, akaolewa, akacheka na wenzake mtoni, na hakuna aliyejua.

Bruda angejua. Hilo lilikuwa wazi kwa kila mtu upande ule wa mlima. Wanawake walisimulia mtoni kwamba Bruda Alois harudishi jino. Hulitia katika kopo, na Jumapili alasiri hukaa barazani na kioo cha kukuzia, akilisoma jino mojamoja kama padri anavyosoma kitabu. Jino humwambia umri wa mwenyewe, alichokula, na lipi lilitangulia kuota. Kuna mzee aliambiwa kwa jino lake tu kwamba anavuta bangi, na kweli alikuwa akivuta. Kwamba harufu ya bangi ile ilisikika hadi ng'ambo ya bonde, hilo wasimulizi hawakulitaja. Tena Bruda hang'oi kabla ya kugonga meno yote kwa msumari, akianzia safu ya juu. Na anayemsaidia ni Mama Regina, mjane wa Kikatoliki aliyezaliwa mlima huuhuu. Atakalolijua Bruda, Regina atalisikia. Atakalolisikia Regina, litamfikia Mjomba Kobelo kabla ya soko lijalo.

Mjomba Kobelo ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo wa Mosi. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mwisho ni la mjomba. Mwinjuma alikuwa mtu wa bondeni, kutoka Kihonda, aliyepanda mlima kuoa na kulima shamba la wakweze. Kwa jambo kama hili hakuwa na kauli.

Kwa hiyo Mosi alilala akiutazama ukuta, akisubiri jino liishe lenyewe.

Asubuhi ile ya nne, Jumamosi, Asia alilia njaa. Mosi alikuwa hajala kitu tangu juzi isipokuwa uji mwembamba ulioingia kwa pembe ya mdomo, na maziwa yalikuwa yakipungua. Alimweka mtoto kwenye ziwa. Asia akavuta, akakosa, akakasirika, akauma.

Mosi alisikia kitu kigumu.

Kilikuwa upande wa juu. Alimtoa ziwani. Kisha akamlaza mtoto mapajani, akageukia mwanga wa mlangoni, akauinua mdomo wake mdogo kwa kidole gumba. Ufizi wa chini ulikuwa laini kama sabuni. Juu kulikuwa na punje mbili nyeupe, zimeshatokeza, ndogo kama chembe za mchele.

Alitaka kupiga kelele, lakini taya halikufunguka. Sauti ikatokea puani, kama ya mbuzi aliyefungwa, na Mwinjuma aliyekuwa nje akinoa jembe akauliza kama jino limezidi.

Mosi alimfunika mtoto uso kwa kanga, akalazimisha kichwa chake kifanye kazi. Mama yake aliweza kumficha kwa sababu alikuwa hai. Alikuwa na miguu ya kukimbilia na mdomo wa kudanganyia. Yeye ana nini? Mama yake mdogo alikufa kwa jino kama hili. Uvimbe uliteremka shingoni, siku ya sita hakuweza kumeza mate, ya saba akazikwa. Akifa yeye, Asia atapelekwa kwa Mjomba Kobelo, na mwanamke wa kwanza atakayempa ziwa atasikia alichosikia mama yake sasa hivi. Na bibi watakuja asubuhi na maji ya kumwogesha.

Akisomwa yeye ni balaa. Akifa bila kusomwa, ni balaa la Asia peke yake.

Aliinuka. Alimfunga mtoto kifuani badala ya mgongoni, uso umeelekea ndani, akaivuta kanga hadi juu ya kichwa chake kidogo. Alipotokea mlangoni, ameshika fimbo ya kuteremkia, Mwinjuma aliliweka jembe chini.

"Misheni?" aliuliza.

Mosi akaitikia kwa kichwa.

Mwinjuma alifurahi sana. Njia nzima alikuwa akijisifu kwamba mke ukimsemesha vizuri husikia hatimaye, na kwamba lile la kaburi ndilo lililomwingia. Mosi alimwacha ajisifu. Ukungu ulikuwa bado umelala kwenye migomba, njia inateleza, na kila hatua ililigonga jino kama nyundo. Lakini alichokuwa akikitazama ni watu. Kila aliyepishana nao alitaka kumwona mtoto. Kwenye kona ya mbaazi walikutana na Chausiku, jirani yao, akipanda na kuni. Alimpa Mosi pole ndefu, akasema uso umekuwa kama boga, kisha akatua mzigo na kunyoosha mikono.

"Hebu nimchukue mwali wangu," alisema. "Ameota? Miezi saba sasa, wangu aliota mwezi wa sita."

Vidole vyake vilikwisha kugusa kanga. Mosi aligeuka ghafla hata akateleza, goti likapiga jiwe. Mwinjuma alimdaka, akamwomba Chausiku radhi. Maumivu yamemfanya mkewe kuwa mkali. Chausiku akasema haidhuru, lakini alisimama pale akiwatazama hadi walipopotea kwenye migomba, na Mosi alilisikia jicho lake mgongoni hadi mtoni.

Walipofika chini, jua lilikuwa limetoka. Mbali kulikuwa na mji, na moshi wa garimoshi lililoanza kufika Morogoro mwaka juzi. Karakana ya misheni ilikuwa jengo refu la matofali, inanukia mbao za mninga na gundi. Watu kama kumi walikuwa wamekaa nje chini ya upenu, kila mmoja ameshika shavu lake.

Wakati huo alikuwa ndani askari mmoja wa boma. Sauti yake ilifika nje. Kwanza ilikuwa ya kutukana, halafu ya kubembeleza, halafu hakukuwa na maneno tena, kilio kitupu. Alitoka ameishika kofia yake yenye shada, machozi yanachirizika, akapita mbele ya foleni bila kumtazama mtu. Mwanamke mmoja mwenye shavu kubwa kuliko la Mosi akasema taratibu, "Na huyo ndiye anayekuja kutufungia waume." Foleni ikacheka kwa uchungu, kila mtu ameshikilia taya lake. Mosi hakucheka. Alikuwa akiisikia midomo ya Asia ikitafuta kitu kifuani pake.

Zamu yake ilipofika, Mama Regina alitokea mlangoni. Alikuwa mnene, amefunga kitambaa cheupe, na msalaba wa shaba ulikuwa ukining'inia shingoni. Mwinjuma akampa shikamoo, naye Regina akaitikia marahaba, akamwambia asubiri hapohapo nje. Waume hawaingii tangu mmoja amrukie Bruda kumtetea mkewe. Mwinjuma akanyoosha mikono ampokee mtoto. Mosi akarudi nyuma, akamkumbatia Asia kwa mikono yote miwili, akaingia naye.

Ndani, Bruda Alois alikuwa akipangusa koleo kwa kitambaa. Alikuwa mzee mwembamba, ndevu zake zimejaa unga wa mbao. Alimkalisha Mosi kwenye kigoda, yeye akakaa nyuma yake juu ya benchi la kurandia, akakibana kichwa chake kati ya magoti. Mikono akamwambia ashike mguu wa benchi, asiuache. Hivyo ndivyo alivyowakalisha wote, na mguu ule wa benchi ulikuwa umeng'aa kwa viganja vya watu.

"Mtoto nipe mimi," alisema Regina. "Huwezi kung'olewa jino ukiwa na mtoto kifuani, mwanangu. Utambana."

Mosi alitikisa kichwa ndani ya magoti yale. Regina alikwisha kumfungua kanga. Aliifungua kwa wepesi wa mtu aliyefungua kanga mia, akamweka Asia begani, na Mosi akabaki na mikono mitupu. Akashika mguu wa benchi kwa sababu hakukuwa na kingine cha kushika.

Kwa sababu taya halikufunguka, Bruda alichukua kabari ndogo ya mti laini, kama zile za kupasulia mbao, akaichomeka kati ya meno ya upande usiouma. Akaisukuma kidogo. Akangoja. Akaisukuma tena. Hakuwa na haraka, kama mtu anayefungua kisanduku asichotaka kukivunja. Mosi alisikia taya likilia ndani ya masikio. Machozi yalimtoka, usaha ukapasuka mdomoni na ladha yake chungu, na kwa mara ya kwanza kwa siku nne hewa ikaingia.

Kisha msumari. Ulianza juu kushoto, kama walivyosema. Tik. Tik. Tik. Ulifika kwenye meno mawili ya mbele, yale yaliyotangulia, ukasimama. Bruda aliinama. Pumzi yake ilinukia tumbaku. Akaguna kitu kwa Kidachi.

Mosi aliacha kusikia maumivu. Alisubiri tu kutajwa.

Msumari ukaendelea. Tik. Tik. Ukashuka safu ya chini, ukafika kulia nyuma, na pale mwili mzima wa Mosi uliruka. "Hili," akasema Bruda. Akachukua koleo, akamwambia Regina aanze.

Hiyo nayo ilikuwa desturi yake. Regina husali Salamu Maria kwa sauti, wala si haraka wala si polepole, na jino hutoka kabla sala haijaisha. Mgonjwa hujua ni muda gani atavumilia. Waislamu huambiwa wasome walitakalo moyoni. Regina akaanza, huku akimrusharusha Asia begani. Koleo likashika. Lilikuwa baridi, likabana, likaanza kuyumba kushoto na kulia, na kitu ndani ya mfupa kikaanza kung'oka uzi mmoja mmoja.

Asia alitishwa na sauti za mama yake, akaanza kulia. Regina akamshusha kutoka begani, akamshika mbele yake ili ambembeleze. Mtoto alilia kwa mdomo wote.

Sala ikakatika.

Mosi aliona yote, kwa sababu kichwa chake kilikuwa kimebanwa kutazama upande ule. Alimwona Regina akitazama ndani ya mdomo wa mwanawe. Alimwona akiinamisha kichwa, atazame vizuri. Kisha Regina akainua macho, yakakutana na yake.

"Endelea, Regina," alisema Bruda.

Mikono ya Mosi ilikuwa imeuacha mguu wa benchi. Mlango ulikuwa hatua tatu. Angeweza kumsukuma mzee huyu, amnyakue mtoto, akimbie na koleo likining'inia. Akimbilie wapi? Na taya litafunga tena kabla ya jioni, na uvimbe utaendelea kushuka, na Asia atabaki na meno yake mawili na hana mtu. Hofu ikawa kubwa kuliko jino. Akairudisha mikono, mkono mmoja, kisha wa pili. Akashika.

Regina akarudia sala tangu mwanzo. Alipofika katikati, kitu kilisema *kraa* ndani ya kichwa cha Mosi, na koleo likatoka limeuma jino.

Bruda alilinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Mosi, damu ikimtiririka kidevuni, alimtazama akilitazama.

"Mzizi umeoza," Bruda alisema. Akamwonyesha, palikuwa na tundu jeusi. Halafu akalitupa katika kopo lenye meno ya watu wengine mamia, yamechanganyika kama kokoto, akapangusa koleo. "Mwingine."

Ikawa basi. Hakuwa ameona kitu. Hakukuwa na kitu cha kuona.

Lakini Regina alikuwa ameona. Alimwongoza Mosi kwa mlango wa nyuma, penye mtungi wa maji ya chumvi, naye bado amemshika mtoto. Alingoja hadi Mosi akasukutua mara tatu. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba asiogope, hapa wapo watoto kumi na mmoja walioanza juu. Akaonyesha kwa kidevu. Ng'ambo ya ua watoto walikuwa wakibeba matofali kwenda kwenye tanuri, wakipokezana, wakitaniana. Kati yao hakuonekana wa kumtofautisha na mwingine. Alisema mama zao waliwaleta wenyewe.

"Mwache," alisema Regina. "Sema homa imemchukua. Nitamlea mimi, Kobelo hatajua milele."

Mosi alitema damu. Aliuliza, kwa ulimi mzito, kama mama zao huja kuwaona.

"Hupita na mboga. Husimama pale kwenye ua, hutazama." Regina alimfuta Asia machozi. "Hawawaiti."

Mosi alilitazama ua lile. Ilikuwa njia rahisi, na hofu yake yote ilimsukuma kuishika. Siri mbili zingefungwa mahali pamoja. Angepita kila Jumamosi na tenga lake la njegere. Akanyoosha mikono.

"Nipe mwanangu," alisema. "Mimi nami nilianza juu."

Regina alirudi nyuma hatua moja, licha ya msalaba wake shingoni. Halikuwa jambo alilokusudia, na aliona haya papo hapo, lakini alirudi. Alimtazama Mosi kuanzia kichwani hadi miguuni, mwanamke mzima, mwenye mume na shamba. Kisha akampa mtoto. Alisema hatasema neno kwa mtu, ila Kobelo si mtu wa kuchezea, na Mosi akajibu kwamba anamjua mjomba wake.

Mwinjuma alikuwa amesimama chini ya upenu, ameshasimuliwa na foleni yote kuhusu askari. Alianza kumpongeza. Mosi alimvuta hadi kwenye rundo la magogo, mbali na watu, akamwambia. Alimwambia yote mawili, lake na la Asia, kwa maneno machache, kwa sababu damu ilikuwa bado ikijaa mdomoni.

Uso wa Mwinjuma ulipoteza rangi. Hakumgusa mtoto. Alikaa juu ya gogo. Baadaye akasema watoto ni wa ukoo wao, yeye ni mkwe tu, atasema nini mbele ya Kobelo? Kisha akasema wako watu wa Kihonda wanaojenga reli kule Kilosa, wanachukua yeyote mwenye mikono. Wakiondoka leo, bila kupanda mlima, nani atawafuata? Alisema hivyo akitazama mji, si mkewe.

Mosi alilifikiria. Alifikiria pia kambi ya reli, na mwanamke mwingine wa Kiluguru pale kambini, na swali lilelile, ameota? Hakuna mahali ambapo watu hawatazami mdomo wa mtoto.

"Nitampeleka kwa Mjomba mimi mwenyewe," alisema. "Nimwambie aliyenificha mimi ni dada yake. Yuleyule aliyemzika akilia. Akitaka kumpeleka mtoto msituni, anipeleke mimi kwanza. Mimi ndiye mkubwa."

"Na akikubali?"

Mosi alimfunga Asia kifuani, akaokota fimbo yake.

Walipanda. Ukungu ulikuwa umeondoka, na juu kabisa, penye migomba ya ukoo, palionekana moshi wa jiko la Mjomba Kobelo, umesimama wima. Mosi alikuwa akitema damu njiani na kuufuata moshi ule kwa macho, hatua kwa hatua. Mwinjuma alitembea nyuma yake. Mara mbili Mosi aligeuka kuhakikisha kama bado yupo.

Kwenye kivuko maji yalikuwa yamejaa kidogo kwa mvua ya juu. Mwinjuma alitangulia, akasimama katikati, maji magotini. Alimtazama mkewe, shavu limevimba, damu kidevuni. Akanyoosha mikono yote miwili.

"Lete mtoto," alisema. "Hapa panateleza."

Mosi akampa.